Mwaka Damu Yetu Ilipokwenda Ng'ambo

Tulimzika shemeji Hamadi mwaka jana baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, sisi wanawake tulikuwa tungali tumekaa mikekani, wengine wakichambua mchele wa hitima, wengine wakimtaja marehemu kwa mema yake. Mama mmoja, jirani aliyehamia Msambweni miaka ya karibuni, alisema hajapata kuona mwanamume mkimya kama yule, akauliza kama ndivyo alivyozaliwa. Dada yangu Mwanakombo, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza eda, alinitazama mimi badala ya kumjibu. Nikasema tu kwamba alikuwa mtu wa Mungu. Lakini Hamadi hakuzaliwa kimya. Nilipomjua mara ya kwanza alikuwa mtu wa maneno, hodari wa kuiga sauti za watalii wa Diani na za wakubwa wa hoteli, akituchekesha hadi chakula kikatupalia. Ukimya ule una mwaka wake, nami mwaka huo nilikuwamo nyumbani mwao.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa bila kazi wala shule, ndipo nikaitwa Msambweni kumsaidia dada aliyekuwa karibu kujifungua. Mvua kubwa zilizoanza mwaka uliotangulia zilikuwa hazijakatika. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeporomoka, tukawa tunapikia barazani chini ya kipande cha turubai, na kuni mbichi zilitutoa machozi mchana kutwa. Nguo hazikukauka. Chumvi iliyeyuka ndani ya kopo. Hamadi alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Diani, lakini baada ya vurugu za Likoni wageni walikuwa wachache, na wafanyakazi walipokezana, wiki hii hawa, wiki ijayo wale. Alipokuwa nyumbani alimbeba mwanawe Athumani begani na kumtembeza ndani kwa ndani, kutoka chumba cha dada hadi cha mama yake, Bi Mwanatumu, akimnadi kama samaki. Athumani alikuwa anakaribia miaka mitatu, mnene, mwenye sauti nzito kama ya mzee. Vyumba vyetu viligawanywa na kuta zisizofika darini, kwa hiyo lililosemwa kwa Bi Mwanatumu lilisikika kwetu, na la kwetu lilisikika kwake. Sote tulilijua hilo, na hata hivyo watu walisema.

Dada alijifungua mtoto wa kike mvua ikinyesha, naye akaitwa Mwanamvua. Hata arubaini haikutimia. Jioni moja, baada ya magharibi, tulikuwa tumekaa tunakula muhogo wa nazi na dagaa, kandili katikati ya mkeka. Athumani aligeuka kumwomba babake kipande, na jicho lake la kulia likang'aa, jeupe, kama la paka aliyemulikwa tochi. Dada aliusitisha mkono kinywani. Alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku mbele ya taa. Akigeuka hivi jicho lilikuwa kama jicho lolote, akigeuka vile ule weupe ulirudi. Hamadi alisema kwa mzaha kwamba mtoto amepata jicho la usiku, atakuwa askari wa hoteli. Yeye mwenyewe alikuwa na jicho moja bovu, la kushoto, lililonywea tangu utotoni na kufunikwa nusu na kope, na mizaha ya macho alikuwa nayo mingi. Hakuna aliyecheka. Bi Mwanatumu alimtazama mjukuu kwa muda mrefu, kisha akasema tusimsumbue mtoto, kitapita.

Dada alitaka kwenda hospitali asubuhi yake. Bi Mwanatumu alikataa. Alimwendea mwalimu wa chuo, akaandikiwa kombe, aya za Kurani juu ya sahani, akaiosha kwa maji ya waridi na kumnywesha mtoto kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi na jioni, akisoma. Siwezi kusema hakumpenda. Nilimwona akimpepea alipolala, akimchambulia miiba ya samaki kwa vidole vyake vilivyopinda. Kila dada alipoanza habari ya hospitali, alimwambia, "Subiri, mwanangu. Mimi najua." Hamadi hakuwa na ujasiri wa kumpinga mama yake. Basi wiki zikapita, hata jicho likaanza kuwa jekundu, kisha likasukumwa nje kama kwamba kuna kidole nyuma yake, na Athumani akaanza kugonga kichwa ukutani kwa maumivu. Hapo ndipo dada alipofunga mtoto mgongoni na mwingine akanipa mimi, tukatoka bila kumuaga mtu.

Daktari wa macho tuliyeelekezwa kwake Mombasa alikuwa mwanamke wa bara, Mkamba, Daktari Mumbua, bado kijana, mwenye viatu vya raba na Kiswahili cha kwao. Alimtia Athumani dawa ya kupanua mboni, akamwangalia kwa taa iliyofungwa kichwani, na alipomaliza alivua ile taa akaiweka mezani. Kisha alitueleza. Ilikuwa saratani ya jicho, ugonjwa wa watoto wadogo, nadra sana. Yeye mwenyewe alikuwa amewaona wachache. Jicho litatolewa, lakini aliogopa kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kupita njia ya nyuma ya jicho kuelekea ubongoni. Dada aliuliza kama angekuja mapema ingekuwaje. Daktari alisema, "Mama, leo tuongee ya leo." Nimewasikia madaktari wengi tangu siku ile, na mara nyingi nimeyakumbuka maneno hayo, maana jibu lilikuwamo ndani yake, na dada alilisikia.

Kisha akamtazama Mwanamvua, aliyekuwa amelala mikononi mwangu. Alisema kuna aina ya ugonjwa huu inayotokea tu kwa mtoto mmoja, na kuna aina inayopita katika damu ya ukoo, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ng'ambo kulikuwa na maabara iliyoweza kuitafuta kasoro hiyo ndani ya damu. Wakiipata kwa Athumani, wataitafuta kwa mdogo wake. Asipokuwa nayo, hatasumbuliwa tena. Akiwa nayo, atapaswa kulazwa kwa dawa ya usingizi kila baada ya muda na kuangaliwa macho yote mawili, mpaka awe mkubwa, ili kitu kikianza kikamatwe kingali kama punje. Alitaka damu ya watoto, ya dada na ya Hamadi. Alisema wazi kwamba jibu lingechukua miezi, na kwamba kwa Athumani halitabadilisha kitu. Wakati huo huo akataka Mwanamvua aletwe aangaliwe, bila kungoja jibu.

Hamadi alikuja na kutoa mkono wake. Damu iliingia katika vichupa vyembamba vyenye vifuniko vya zambarau. Mwanamvua alikuwa na mishipa kama uzi, akachomwa kila mahali, na dada aliyekuwa amemshika alitazama dirishani. Mimi nilitazama mkono wa muuguzi. Ndiyo kazi niliyokuja kuifanya maishani, kuwatoa watoto damu, na watu wakiniuliza niliipendea nini huwa nawaambia ilitokea tu. Haikutokea tu. Nilitaka kujua kile kichupa kimebeba nini hata kiende mbali hivyo.

Habari ilitutangulia kurudi Msambweni. Kisimani walikuwa wakisema Mwanakombo ameuza damu ya wanawe kwa mumiani, ndege imekuja kuichukua. Wengine walisema kwa huruma, wengine kwa kuogopa, lakini ndoo zetu zilisogezwa kando. Lililomchoma dada zaidi lilitoka karibu. Athumani alipokuwa amelazwa baada ya kutolewa jicho, Bi Mwanatumu alipata wageni, nasi tuliwasikia kupitia juu ya ukuta. Aliwaambia kwamba katika nyumba yao hakukuwahi kuwa na ugonjwa kama huo. Kwamba daktari mwenyewe amesema ni wa damu. Na kwamba damu mbovu imeletwa nyumbani mwake na mkaza mwana. Alilisema hilo mara ile, na akalisema tena kila alipokwenda harusini au matangani, hata mtaa mzima ukawa unalijua. Wifi mmoja wa dada akatoa ushauri kwamba Hamadi aoe mwingine, angali kijana. Dada alikuwa akikuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka nazi ikaisha, akawa anakuna kifuu.

Athumani alikufa mwezi wa Julai. Sitaieleza miezi ile yote. Ugonjwa ulirudi palipokuwa jicho, kisha ukalichukua la pili. Dawa ya maumivu tuliyopewa ilikuwa haimfikii. Alipokuwa hawezi tena kuona, alitutambua kwa mikono: alishika vidole, akavigusa-gusa, akataja jina. Mkono wa nyanyake ndio alioutaka zaidi, kwa kuwa ulikuwa umepinda na hakuweza kuukosea. Siku za mwisho hakula ila uji wa mchele, vijiko viwili vitatu, na dada aliendelea kuupika sufuria tele kila asubuhi kana kwamba tuna wageni. Alikata roho wakati wa dhuha, watu wakiwa mashambani, kichwa chake mapajani mwa babake. Hamadi alibaki amekaa vivyo hivyo. Wanaume walipokuja ilibidi wamwambie kwa upole amwachie mtoto, akaoshwe.

Baada ya matanga safari za Mombasa zilikoma. Dada alikuwa amempeleka Mwanamvua, na macho yake yalionekana safi. Sasa Hamadi mwenyewe alisema inatosha. Mtoto analazwa kama maiti juu ya meza, yeye hana moyo wa kuona tena. Nadhani alitaka sana kuamini kwamba msiba ulikuwa umekwisha kuchukua chake. Lakini kila jioni dada alimpitisha mtoto mbele ya kandili, kushoto, kulia, juu, chini. Wakati mwingine Bi Mwanatumu alisimama mlangoni akimwangalia anavyofanya, kisha akaondoka.

Jibu lilikuja mwezi wa Shaabani. Daktari Mumbua hakulituma kwa barua; alikuja mwenyewe siku ya kliniki ya Msambweni, akamtuma muuguzi kutuita. Kilikuwa chumba kidogo chenye benchi na kalenda ya duka la dawa. Alitaka kuzungumza na wazazi peke yao, akamuuliza Hamadi kwanza kama angependa wengine watoke. Bi Mwanatumu alikuwa amekwisha kukaa, na mimi nilikuwa na mtoto. Hamadi alisema, "Mama yangu amelisema jambo hili mbele ya watu wote. Na alisikie." Nadhani alitarajia kumsikia mkewe akihukumiwa, na alitaka angalau liwe jambo la kisomi, si la kisimani.

Daktari aliuvuta mkono wa kiti chake akasogea karibu naye. "Baba Athumani, hii kasoro tumeipata kwa damu ya Athumani," alisema. "Iko pia kwa huyu mdogo. Kwa mama haiko. Iko kwako." Kisha, kabla hajajibiwa, akamwomba alifunue lile jicho lililonywea. Akalitazama sana kwa taa yake. Akamuuliza liliharibikaje. Hamadi alisema ni surua, alipokuwa mdogo, ndivyo alivyoambiwa. Daktari akamgeukia Bi Mwanatumu na kumuuliza kwa heshima, "Mama, ilikuwa surua?"

Bi Mwanatumu alikuwa ameshika ncha ya leso yake. Aliikunja, akaikunjua, akaiachia.

"Lilikuwa liking'aa," alisema. "Kama la Athumani. Likafura, likamuuma, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nikamnywesha kombe. Likanywea, akapona. Nilidhani na la mjukuu litanywea."

Daktari alitueleza kwamba hutokea, kwa wachache mno, ugonjwa huu ukajifia wenyewe ndani ya jicho na kuliacha limekauka. Hakuna aliyemfuata kwa makini. Dada alikuwa akimtazama mavyaa yake. Miezi yote ile ya "subiri, mimi najua" ilikuwa imepata maana. Bi Mwanatumu hakuwa amedanganya aliposema anajua. Alikuwa ameliona jicho la mwanawe likipona na akaamini ameshika tiba. Sijui kama hilo ni bora au baya zaidi. Nimelifikiria kwa miaka mingi. Daktari akasema tena, kwa sauti ya kumwambia mtu aliye mbali, kwamba hakuna aliyefanya kosa kwa kuwa na damu yake, na kwamba Mwanamvua anatakiwa Mombasa wiki hiyo hiyo.

Walimwangalia, na pembeni mwa jicho la kulia wakakuta kivimbe kidogo, cheupe. Hakikuwapo mara ya kwanza. Kwa kandili kisingeonekana hata mwaka mzima. Walikigandisha kwa baridi kali kwa chombo chembamba mithili ya kalamu. Hamadi ndiye aliyembeba mtoto mpaka mezani, akamshika wakati dawa ya usingizi ikimwingia, na tangu siku ile hakuna aliyempeleka ila yeye. Alikwenda naye kila alipoitwa, mwaka baada ya mwaka. Jicho lile la kulia lilikuja kutolewa, kwani ugonjwa ulirudi. La kushoto lilisalimika, na kwalo Mwanamvua amesoma, sasa anafundisha shule ya msingi huko Matuga.

Siku hizi katika kazi yangu nasikia mambo ambayo Daktari Mumbua asingeyaota. Wanasema vipande vya saratani huelea ndani ya damu na vinaweza kutafutwa humo, ili mgonjwa afuatiliwe kwa kichupa badala ya kulazwa mezani kila mara. Wanaijaribu kwa watoto wenye ugonjwa ule ule. Nafurahi. Lakini huwa namkumbuka Hamadi. Damu ilimwokoa mtoto mmoja, na ikamweleza baba jambo ambalo hakuwa na pa kuliweka. Jioni ya siku ya jibu nilimsikia kupitia juu ya ukuta akimwambia dada kwamba hatamzalisha tena. Alisema kila mtoto wao atakuwa ni kama kurusha shilingi, na yeye amekwisha kuzika upande mmoja. Dada akamwambia asiseme hivyo. Hamadi akasema, "Nilimbeba begani, Mwanakombo. Na kilichomuua nilimpa mimi." Sikumsikia tena akiiga sauti ya mtu yeyote. Hakuoa mke mwingine, wala hawakupata mtoto mwingine, na watu waliouliza sababu waliachwa wadhani watakavyo.

Kuhusu Bi Mwanatumu, nilidhani atakwenda kukaa kwa bintiye kule Jego, kama ilivyokuwa ikisemwa. Ijumaa iliyofuata matibabu ya Mwanamvua, baada ya sala, alivaa buibui lake na kuniambia nimfuate. Hakunieleza tunakwenda wapi. Jua lilikuwa kali na mguu wake mmoja ulimsumbua. Tulianza kwa nyumba ya karibu, ya bibi mmoja mshona vitambaa. Tulikaribishwa, tukaletewa kiti na maji, naye akakataa kukaa. Alisimama penye kizingiti akasema, "Nilikuja hapa nikasema damu mbovu ni ya Mwanakombo. Si yake. Ni ya kwetu, ya mwanangu. Na kumcheleweza mtoto hospitali, nilimcheleweza mimi." Akaaga. Tukaenda nyumba ya pili, akasema maneno yale yale, na ya tatu, mpaka nikaacha kuzihesabu. Kwengine walimfariji, wakamwambia ni kudura ya Mungu, naye akawajibu ndiyo, ni kudura, lakini mumesikia nilivyosema? Kwa yule wifi alilazimika kulisema mara mbili, kwa kuwa wifi alijifanya hakuelewa. Sikujua niangalie wapi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi kumwona mtu mzima akijivua heshima yake mlango kwa mlango, mchana, kwa hiari yake.

Tuliporudi dada alikuwa barazani akimnyonyesha Mwanamvua. Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa juu ya jicho la mtoto. Bi Mwanatumu alisimama mbele yake na buibui lake lenye vumbi, akihema.

"Nimewaambia," alisema. "Wote niliowaambia mwanzo, nimewaambia tena."

Dada alimwondoa mtoto kifuani, akainuka, akamweka mikononi mwa nyanyake. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike Athumani tukamsikia akilia kwa sauti. Nilitaka kumfuata. Bi Mwanatumu akanizuia kwa kutikisa kichwa, akakaa mkekani na mtoto, nasi tukamwacha alie.